Lala Chini ya Gari Kabla Hujalala Kando Yake

Mama yangu alizaliwa Bunyala, na kwa mtu wa Bunyala hema lina maana moja tu: Nzoia imevunja kingo, nyumba zimejaa maji, na watu wa Msalaba Mwekundu wamefika. Mwaka 2020 ndugu zake walihamia uwanja wa shule pamoja na mbuzi wao. Basi siku nilipomfungulia hema langu jipya uani kwetu Bumala, hema la kijani la watu wanne, alilizunguka polepole akiligusagusa kwa mkongojo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani nyumba yako ya Busia imefanya nini?"

Nikamweleza kwamba nyumba haina tatizo. Naenda kulala msitu wa Kakamega Ijumaa na Jumamosi, mimi na wanangu wawili, kwa hiari yetu. Hakusema kitu. Alimtuma mjukuu akamate kuku wa kunisindikiza, kama mtu anayekwenda matangani mbali.

Mimi ni mwanamke wa Marachi, wakala wa forodha, na kazi yangu ni makaratasi. Nilianza kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani Busia kufunguliwa rasmi mnamo Februari 2018, wakati dereva alipokuwa akipigiwa muhuri upande huu, kisha anaanza upya upande wa pili. Siku nyingine hushinda Malaba. Na kinachopita mbele ya macho yangu kila siku, kuliko mahindi, kuliko saruji, ni magari ya mitumba kutoka Japani. Yanashushwa Mombasa, yanakata nchi nzima, mengine juu ya malori, mengine yakiendeshwa moja moja na vijana wenye macho mekundu ya kukesha, na yanavuka kwenda Uganda na kwingineko.

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wake kwenye miaka 15. Kwa hiyo kuna uchungu fulani ambao mtu wa Nairobi haujui: kusimama kwenye jua la saa sita ukilitazama Prado la 2014, chuma kitupu, likivuka kwenda kwa jirani, huku sheria ikikutaka wewe uagize kitu kichanga zaidi, ghali zaidi, kilichojaa kompyuta ambazo hakuna fundi wa Butula aliyewahi kuzifungua.

Hapo ndipo simu huanza. "Dada, wewe uko hapo mpakani. Nitafutie moja lenye namba za Uganda, tutajuana na watu." Huyo ni mtoto wa ami yangu, mwalimu mwenye mshahara mzuri na papara nzuri zaidi. Jibu langu ni lile lile. Gari lenye namba za kigeni huingia Kenya kwa kibali cha muda, na kibali kikiisha bila gari kuondoka, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inawapa maafisa uwezo wa kulikamata. Nimeyaona magari ya aina hiyo yakiota nyasi kwenye maegesho, tairi zimelala, kunguru wamejisaidia juu ya vioo. Mwenyewe alinunua kwa bei ya kutupa, na ametupa kweli.

Ila uchungu ule una funzo ambalo wengi hawalioni. Sheria ya miaka 8 inahusu kuingiza gari. Haisemi lolote kuhusu gari la miaka 15 ambalo tayari lina namba za K na linalala chini ya mwembe Nambale. Mtu anayetaka gari la matope na kambi za wikendi, kwa maoni yangu, huko ndiko aangalie. Aachane na yadi zenye taa na bendera. Atafute gari kuukuu lililotumika hapa hapa, lenye mfumo rahisi, ambalo amelala chini yake kwa nusu saa akiwa na tochi.

Najua jambo hili halipendezi masikioni. Sisi Wamarachi tuna ugonjwa wa jina. Mtu akipata pesa za miwa au za kiinua mgongo, kijiji kizima kinamngojea arudi na Prado, jeupe, namba mpya. Akirudi na kitu kingine wanauliza kama mambo yalikwama. Nami nilikaribia kuugua ugonjwa huo.

Niliambiwa kuna gari kubwa linauzwa, sitasema mji gani wala aina gani, kwa kuwa kosa halikuwa la aliyelitengeneza. Lilikuwa limeinuliwa, tairi pana, na pembeni lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paani, ambalo wapo wanaoliita mkonga na nafikiri hakuna jina zuri kulishinda. Dalali alinifungulia mlango kama bwana harusi. Ndani palinukia manukato. Kidogo nitoe arubuni.

Bahati, nilikuwa nimekwenda na fundi wangu wa Matayos, anayeniita mulamwa, yaani shemeji, kwa kuwa amemwoa binti wa ami yangu, na kwa sababu hiyo hiyo ana ruhusa ya kunicheka. Hakutazama ndani hata kidogo. Alitandaza gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari hadi zikabaki soli za viatu peke yake. Kukawa kimya. Kisha nikasikia kicheko.

"Mulamwa, hii gari imekatwa miguu ya mbele."

Mtu fulani alikuwa ameondoa propela shafti ya mbele ili gari lile mafuta kidogo. Kitufe cha kuendesha magurudumu yote manne kilikuwepo, taa yake iliwaka vizuri kwenye dashibodi, na haikuwa na kazi yoyote. Alipoinuka akagonga ule mkonga kwa kidole, akafungua boneti, akanionyesha: ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya bodi tu. Haukuungana na kitu. Ulikuwa pambo, kama hereni. Dalali akasema hayo ni mambo madogo, yanarekebishika. Tukarudi Busia kwa matatu, na fundi akanicheka hadi Bumala.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa chini ya magari, na nitakuambia ninachotazama, japo si kwa mpangilio wa daftari. Kwanza nakwenda asubuhi, tena nampigia muuzaji simu usiku nikimwomba asiwashe injini kabla sijafika. Injini baridi haijui kudanganya. Ikikohoa moshi wa buluu, inakula oili. Nafungua kifuniko cha oili. Nikikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na gharama ya kuvitenganisha silipi mimi. Naonja, naam, naonja kwa pua, mafuta ya gia: yakinukia kuungua, gari limevuta kitu kizito au limekwama sana. Nainua zulia la miguuni. Tope kavu chini ya zulia ni habari ya mafuriko, na sisi wa upande huu wa Nzoia tunaijua harufu hiyo.

Kutu ndiyo inayoniogopesha kuliko vyote. Magari yanayotoka Hokkaido na kaskazini ya Japani yamepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu yanang'aa, chini fremu imeliwa. Wauzaji hupaka rangi nyeusi nzito chini, na mnunuzi husema, tazama, hata chini ni safi. Fundi wangu hutembea na nyundo ndogo. Anagonga fremu toka mbele hadi nyuma akisikiliza, kama mtu anayechagua mtungi sokoni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya mhogo mbovu.

Kisha makaratasi, na hapa ni uwanja wangu. Kabla ya kutoa senti, tafuta rekodi ya gari kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen. Ada yake haifiki shilingi elfu moja. Utaona jina la mwenye gari na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoandikwa pamoja naye. Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini kwa macho yako mwenyewe. Nimewahi kumwona mzee akilia ofisini kwangu kwa sababu ya namba mbili zisizofanana. Na kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee. Tazama pedali ya breki imelika kiasi gani, tazama usukani, tazama kiti cha dereva. Raba ya pedali hairudishwi nyuma kwa kompyuta.

Mwishowe nilinunua Suzuki Escudo ya 2008 kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Nambale, kwa shilingi laki nane na nusu. Mama watoto wa kaka yangu alipoiona alisema ni nzuri, kwa sauti ile ile tunayomsifia mtoto aliyekuwa wa ishirini na tatu darasani. Lakini Escudo ya kizazi kile, ile ya kuanzia 2005, ina kitu ambacho nusu ya magari makubwa yanayojigamba mjini hayana: gia nzito, zile tunazoziita "low", pamoja na kufuli ya difu ya katikati. Kitufe kimoja. Fremu yake imejengwa ndani ya bodi, si ngazi kamili ya chuma kama ya Prado, na kwa safari zangu inatosha na kusaza.

Nieleze kwa nini gia hizo ni muhimu, maana dalali hatakueleza. Magurudumu manne yanayosukuma yanakusaidia usiteleze. Gia nzito zinakusaidia uende polepole huku injini ikiwa na nguvu zote: kupanda jiwe, kushuka mlima mwekundu uliolowa bila kukanyaga breki, kutoka kwenye mtaro uliochimbwa na trekta za miwa kule Kingandole. Nissan X-Trail haina gia hizo. Subaru Forester haina. Ni magari mazuri, Forester imeinuka vya kutosha na inashika barabara ya moramu kama mjusi ukutani, na kama safari zako ni Kakamega peke yake, nunua mojawapo na uniache na kelele zangu. Kusema kweli, kiangazi hata gari dogo la kawaida linafika Isecheno. Mbega wa Kakamega hawaulizi umekuja na nini.

Mlima Elgon ni hadithi nyingine. Unatoka Malaba, Bungoma, Kitale, Endebess, unafika lango la Chorlim. Ndani kuna njia inayopanda kupita mita 3,000, udongo mwekundu, miteremko pande zote. Mvua ikinyesha saa tisa alasiri, kama inavyopenda kunyesha huko, njia inakuwa sabuni. Nilishuka huko nikiwa kwenye gia nzito ya kwanza, mguu mbali na breki, watoto kimya nyuma. Gari lilinguruma na kutambaa lenyewe kama ng'ombe mzee anayejua zizi. Usiku tulilala chini ya miti mirefu, na asubuhi askari wa hifadhi akatupeleka pango la Kitum, ambako tembo huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Binti yangu aliweka mkono kwenye alama za pembe. Siku hiyo sikuwaza jina la gari.

Sasa kuhusu Prado, kwa kuwa najua mtaniandikia. Ni chombo. Fremu ya ngazi, gia nzito, vipuri kila duka kuanzia Busia hadi Lodwar. Lakini lina uzito wa tani mbili na zaidi, na uzito huo ni mzuri hadi siku unapozama. Ya dizeli ya lita 3.0 ya miaka ile ina sifa mbaya ya nozeli, na nozeli nne mpya ni karo ya muhula. Ukiwa na pesa za kununua Prado na huna pesa za kulitunza, umenunua Prado la fundi. Ya petroli ya lita 2.7 ni mzigo kwenye mafuta, lakini haina makeke. Kama familia ni watu sita, ichukue hiyo, kuukuu, iliyokaguliwa.

Suzuki Jimny ndiyo kinyume chake. Ina fremu ya ngazi, ina gia nzito, na kilo zake ni kama elfu moja na mia moja tu. Ikikwama, vijana wanne wa bodaboda wanaibeba. Ningekuwa peke yangu ningeinunua kesho. Lakini ukiweka hema, sufuria, godoro na mtoto wa darasa la sita, mtoto wa pili unamwacha kwa mama. Na tangu ile mpya ya 2018 itoke, watu wa mjini wameigeuza pambo, bei zimepanda hadi kwa zile kuukuu. Land Rover Defender siisemi. Wenye Defender ni kama waumini wa dhehebu, huwezi kuwashauri.

Kitu kimoja tu nitakikataza wazi: dizeli changa ya kisasa kutoka Japani yenye kichujio cha masizi, kwa mtu ambaye wiki nzima gari lake linakwenda nyumbani, sokoni, kanisani. Kichujio hicho huhitaji safari ndefu ya moto ili kijisafishe. Safari fupi fupi za Busia hadi Matayos zinakiziba, na hapo taa zinawaka ambazo fundi wetu anazisoma kama barua ya Kichina.

Sitaki mdhani sijawahi kukwama. Msimu wa mvua ndefu niliteremka kwa wajomba zangu Bunyala, nikaiacha barabara ya Port Victoria nikafuata njia ya juu ya udongo mweusi kuelekea ziwani, nikiwa na Escudo yangu na kiburi changu. Tairi zilikuwa za lami, zile alizoniachia mwalimu mstaafu. Udongo ule ukiloa huingia kwenye nakshi za tairi, unazijaza, na tairi inakuwa duara laini kama chungu. Magurudumu yote manne yalizunguka kwa bidii. Gari halikwenda popote. Nilikaa pale kuanzia saa nane hadi magharibi, nikitolewa ushauri na kila mvuvi aliyepita. Mjomba alikuja na ng'ombe wawili. Walinitoa kwa dakika tano, na hadithi hiyo mama ameisimulia kanisani.

Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ilikuwa rahisi kuliko gari lenyewe. Tairi za mchanganyiko, zenye meno, za rimu ile ile ya inchi 16. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, ili nipunguze upepo hadi kama psi 20 kwenye tope na kuujaza tena nikifika lami. Kamba ya kuvutia, koleo, ubao wa kuweka chini ya jeki. Ningenunua gari la laki nane na kuweka laki moja ya tairi na vifaa kabla sijanunua gari la milioni mbili lenye tairi za harusi. Mtoto wa ami yangu hajaelewa hesabu hiyo bado.

Na Busia, mji uliozaa neno bodaboda, baiskeli za mpaka hadi mpaka, una zawadi ambayo wakazi wake hawaitumii. Kabla hujaota Maasai Mara, nenda Kakapel, milima ya Chelelemuk huko Teso, penye michoro ya kale mwambani iliyotangazwa kuwa urithi wa taifa 2004. Pita Malaba uende Sipi, miguuni mwa Elgon upande wa Uganda. Kwa safari hiyo beba kitabu cha gari kikiwa kwa jina lako, au barua ya mwenye gari, na kama benki imeandikwa humo, barua ya benki. Kata bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla hujafika geti. Kila Ijumaa jioni naona familia zimerudishwa kwa kukosa karatasi moja, watoto wamevaa kofia mpya za jua.

Kuhusu sheria ya miaka 8, nina ombi moja kwa wanaoiandika. Mimi si wa kusema ifutwe. Nimeona takataka za kutosha zikivuka hapa. Lakini tarehe ya kuzaliwa haisemi kama fremu imeoza. Magari mengine ya miaka 5 ninayoyaona yamesombwa na mafuriko na kupakwa rangi, na mengine ya miaka 14 hayajawahi kuonja tope. Tumieni nyundo ya fundi wangu pamoja na kalenda yenu.

Mama hatimaye alikuja Kakamega, Desemba iliyopita, akiwa na ugali wake wa wimbi na muhogo kwenye kapu kwa kuwa hakuamini tungepika. Hema alilikataa. Alilala ndani ya Escudo, kiti cha nyuma kimelazwa, blanketi mbili, na alfajiri akasema kelele za ndege zimemkumbusha ziwa kabla ya watu kujaa.

Basi ukija huku kutazama gari, njoo asubuhi injini ikiwa baridi. Vaa nguo kuukuu. Njoo na gunia la kulalia na tochi. Mulamwa wangu yupo Matayos siku zote isipokuwa Jumapili, na anakunywa chai kwa mandazi mawili kabla ya kuingia chini.